Sauti ya Diwani Imo Kwenye Simu Yangu

Admin, nifichie jina langu, na la kijiji pia, maana kisiwa hiki ni kidogo. Nina miaka thelathini na tisa. Shule niliishia darasa la tano kwetu Tabora, ambako mke na watoto wangu wako hadi leo. Mimi niko Mafia, pande za Kirongwe, mwaka wa sita huu nafua nazi. Chumba ninacholala ni cha mwenye shamba, na mwenye shamba ndiye diwani wetu.

Kuandika haraka siwezi, kwa hiyo kwenye mikutano huwa narekodi kwa simu, nikirudi nasikiliza taratibu. Siku diwani alipokuja kuomba kura nilimwomba ruhusa mbele za watu. Akacheka. "Rekodi, Mnyamwezi, na huko kwenu wanisikie." Siku hiyo aliongea sana habari za sarafu za mtandaoni. Alisema wakubwa wameshaamka, sheria iko njiani, na atakayeisubiri atakuta wenzake wameshajenga. Akasema hata yeye anazo, akainua simu yake juu tuione.

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Kuna dada mmoja wakala wa pesa za simu, nitamwita Mwanakombo, ndiye hunisaidia kutuma hela nyumbani. Anatunza pia akiba ya kikundi cha akina mama wanaosuka mikeka. Walimtaka awanunulie hizo sarafu, yeye akasita, akawaambia amesikia redioni benki kuu ilishazikataza. Mimi nilikuwa nimekaa pale kibarazani. Nikatoa simu nikawawekea sauti ya diwani. Wakaisikiliza mara mbili. Bibi mmoja akasema, "Kama mheshimiwa mwenyewe anazo, sisi tunaogopa nini?" Mwanakombo akaingiza akiba yote kwenye programu ya simu ya kununulia sarafu hizo.

Haukupita muda, ile programu ikafungwa. Walipokwenda kulalamika waliambiwa pesa hizo nchi haizitambui, kwa hiyo hakuna wa kumshika. Mimi sikusoma, lakini hili linanisumbua. Redioni nasikia sarafu hizo hizo zinakatwa kodi. Wakati wa kukatwa zipo, wakati wa kuibiwa hazipo?

Sasa diwani amegeuka. Mkutano uliopita alisimama palepale, akasema tangu mwanzo alituonya, na aliyewaingiza wananchi kwenye utapeli lazima ajulikane. Watu wote wakamgeukia Mwanakombo. Diwani akanitazama mimi kidogo, kisha akaendelea. Nami nikatazama miguu yangu.

Tangu hapo situlii. Nafua nazi mbili tatu, nasimama, naenda mpaka barabarani, narudi sijui nilifuata nini. Jana nusura nijichome kiganja kwenye kifuo, ile ncha kali ya kufulia nazi, kazi ambayo naifanya hata nimefumba macho.

Juzi msimamizi wa shamba alikuja na simu mpya, bado iko kwenye boksi. Akasema mheshimiwa amenikumbuka, ila ile ya zamani nimpe yeye. Nikamuuliza, na vilivyomo ndani?

"Vilivyomo vya nini? Wewe mfua nazi au mtangazaji?"

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia anipe siku tatu nihamishe namba za nyumbani, akaniachia ile mpya.

Leo asubuhi nilipita kwa Mwanakombo. Akina mama wanataka kibanda chake kiuzwe, na mumewe amemwambia arudi kwao kisiwani Juani mpaka maneno yapoe. Nilidhani atanitukana. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kaka, bado ipo?"

Nikamwambia ipo. Akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mteja. Hakuniomba kitu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kikao cha kumhoji Mwanakombo ni kesho baada ya sala ya alasiri, ofisi ya kata. Nikiiweka ile sauti watu waisikie, kazi sina, chumba sina, na nauli ya kuvuka maji mpaka Tabora sijui nitaitoa wapi. Nikinyamaza, dada wa watu atabeba maneno ya diwani na ujinga wangu mimi. Simu zote mbili ziko hapa mkekani, na hii ninayowaandikia ndiyo ya zamani. Ndugu zangu mlio mbali na hapa, mnishauri bila kunionea aibu: kesho niende na ipi?