Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Hafidhi aliuza vifungo na zipu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na kazi hiyo aliiona ndogo mno kwa kichwa alichojaliwa. Kichwa chenyewe kiliwahi kufika kwenye hisabati za kidato cha nne, kikakaa hapo hapo, kikaanza kujisifu.

Kwenye kijiwe cha kahawa mbele ya duka lake palikuwa na kigoda kimoja, kando ya birika. Wengine walibanana kwenye benchi. Kigoda kilikuwa cha mtu asiyeshindwa kwa hoja; ukishindwa, unainuka. Hafidhi alikuwa amekikalia miaka kadhaa kwa nguvu ya namba moja aliyoiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango: 30,031.

"Zidisheni mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu," aliwahubiria wanywa kahawa. "Mnapata 30,030. Ongezeni moja. Haya, gawanyeni kwa yoyote kati ya hizo: kila mara inabaki moja! Hiyo ni namba tasa, wazee wangu. Haigawanyiki mpaka kiama."

Waligawanya, ikabaki moja, wakamwita Profesa. Mwenyewe hakuwahi kujaribu namba iliyozidi kumi na tatu. Kama saba, namba nyembamba vile, imeshindwa kupenya, hizo nene zitapitia wapi?

Badria, fundi cherehani wa Buguruni, alikuwa mteja wake. Kila akija, Hafidhi aliagiza zipu stoo, kisha akamsomea somo lile lile na kumalizia, "Lakini haya mambo mazito, dada'ngu. Nyie wa mshono tuachieni."

Akisubiri zipu, Badria alitoa simu akawa anaigawanya namba ile: leo kwa kumi na saba, safari nyingine kwa kumi na tisa, akapanda hivyo hivyo kila alipocheleweshwa. Na Hafidhi alimchelewesha sana.

Siku moja akainua macho. "Kaka Hafidhi, mbona hii yako imegawanyika? Hamsini na tisa mara mia tano na tisa."

Wanywa kahawa wakamgeukia Hafidhi.

"Simu yako ya Kichina hiyo," Hafidhi akacheka, kicheko kikavu.

"Piga kwenye ya kwako basi, Profesa."

Akapiga. 30,031. Akafuta, akaanza na mia tano na tisa, kana kwamba zikibadilishwa zamu zitamwonea huruma.

"Sasa hamsini na tisa nayo ni namba?" alifoka. "Nani katika maisha yake amewahi kugawanya kitu kwa hamsini na tisa?"

"Mimi, sasa hivi."

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee Mbaruku, mwenye birika, hakucheka. "Inuka, mwanangu."

"Mzee, shikamoo, lakini..."

"Marahaba. Inuka."

Akainuka. Wakamkaribisha Badria kigodani.

"Nikae nibishane na nyie, nguo za watu ashone nani?" Akachukua zipu zake, akaenda zake.

Hafidhi alipoona hakuna anayekitaka kigoda, akakusanya kanzu na kuanza kuinama taratibu. Mzee Mbaruku alikuwa amekwishaweka gunia la mkaa juu ya kigoda.

"Kunywa kahawa yako," alimwambia. "Hata kwa kusimama inashuka."