Mtani wetu kawekwa ndani kwa mbuzi wa msiba, nami nikaanza na historia ya Kanuni ya Adhabu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijatia chumvi.

Swali lililoninyima usingizi: mtani akichukua mbuzi msibani, ni mwizi?

Nimemaliza digrii ya sheria, uwakili bado. Baba mdogo alifariki, tukamzika kijijini, nje kidogo ya Dodoma mjini. Sisi ni Wagogo. Mtani wetu, Mzee Kapungu, ni Mnyamwezi. Baada ya mazishi alimfungua mbuzi aliyeletwa na shemeji yangu, akaondoka naye huku akimsema marehemu kwa uvivu wa kukimbia kilimo.

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka.

"Utani ni maneno," akasema. "Mbuzi ana miguu. Wewe msomi, huu si wizi?"

Jibu lilikuwa neno moja: hapana. Mimi nikaanza na Wajerumani.

Nikaeleza kwamba Waingereza walitumia kwanza kanuni ya India, baadaye wakaleta nyingine yenye asili ya Queensland, Australia. Nikalinganisha wizi wa huku na wa kule. Nilipofika kwenye nia ya mtuhumiwa, shemeji alishapanda bodaboda kwenda polisi. Alikuwa amesikia alichokitaka: neno "wizi".

Mzee Kapungu akawekwa ndani.

Kwetu mtani ndiye anayewainua wafiwa. Mama mdogo, mjane wa marehemu, akaniita: "Mwanangu, mimi siondoki kwenye huu mkeka mpaka Kapungu anitukane."

Nikawaza. Kanuni yenyewe ina kinga: aliyechukua mali akiamini kwa dhati kuwa ni haki yake, bila nia ya kulaghai, hana hatia. Lakini nikienda kuisema kituoni, si nitakuwa najifanya wakili? Hilo nalo ni kosa. Na kinga ile ni ya mambo ya mali tu, mimi haitanifunika. Tutakaa ndani wawili.

Nikafungua laptop kuangalia Kenya na Uganda wanasemaje.

(Sheria imezunguka India na Australia hadi kutufikia, na njia nzima hakuna aliyeuliza mbuzi wa msiba ni wa nani.)

Mama mdogo akasimama, akajifunga khanga. "Wewe soma. Mimi naenda kutukanwa hukohuko."

Nikafunga laptop, nikamfuata hadi kituoni.

"Wewe ni wakili?" afande akauliza.

"Hapana, afande. Ni mfiwa."

"Afadhali. Tungekesha."

Nikasema mbuzi alishatolewa msibani, kwa hiyo ni wa wafiwa, na wafiwa hatulalamiki. Mzee alichukua haki yake ya utani. Afande akamgeukia shemeji, aliyekuwa kwenye benchi: "Ulitoa rambirambi au uliazima?"

"Nilitoa," akasema, akiangalia chini.

Mzee Kapungu alipotoka akampima mama mdogo kwa macho. "Mjane gani amenona hivi? Nenda kalime, mvivu mwenzio ameshakuacha."

Mama mdogo akacheka mpaka akashika ukuta.

Nilichojifunza: mtu akikuuliza kama fulani ni mwizi, mjibu kwanza, Queensland itasubiri. Na ukiwa mfiwa, nenda kama mfiwa.

Kwenu mtani anaruhusiwa kuondoka na nini? Wanasheria pia karibuni, ila anzeni na jibu.