Kuumwa si Kuumia

Mama Soksi haamini kuwa jiko limezima mpaka aliguse. Ndivyo alivyoumbwa, na timu ya riadha anayoifulia nguo imemzoea. Jina hilo alilipatia huko huko kwenye chumba cha kufulia, maana soksi hazimpotei, na kila jozi anamjua mwenyewe.

Soksi ndizo zilizomtia shaka. Nahodha wa wasichana ni mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Siku hizi soksi zake za kulia zilikuwa zimelika kisigino, na za kushoto nzima kama zimetoka dukani. Mama Soksi akawaza: mwenye miguu miwili, mbona anakimbilia mmoja? Nyumbani akamvizia. Binti alishuka ngazi ubavu ubavu kama kaa, akadai ana haraka. Mwenye haraka hashuki hivyo.

Akambana. Binti akajibu bila kumtazama, "Naumwa muundi kidogo tu, mama mdogo. Sijaumia."

Neno hilo Mama Soksi alikuwa amelisikia mno. Ukuta kati ya chumba chake cha kufulia na ofisi ya daktari wa timu ulikuwa wa mbao, na kila msichana aliyeulizwa hali alijibu vile vile: naumwa tu. Sababu aliijua. Kwa daktari yule, msichana aliyeumia aliwekwa kando mpaka apone. Anayeumwa alichuliwa kwa barafu, akarudi uwanjani. Na Jumamosi yalikuwa mashindano ya kuchagua watakaokwenda ng'ambo.

Basi, nani kawafundisha kujibu kama kasuku? Mama Soksi akamkazia macho kocha. Kocha yule alitabasamu mno, na mtu anayetabasamu hata mvua ikimnyeshea ana lake jambo. Siku moja akamwona karibu na tangi la maji akimnong'oneza binti, naye binti akitikisa kichwa. Pafukapo moshi pana moto. Mama Soksi aliacha bomba linamwagika, akaenda moja kwa moja kwa daktari, na kocha akaitwa.

"Wewe ndiye unayewafundisha kuficha," akamwambia. "Mwanangu atavunjika, wewe utabaki na vikombe."

Kocha, kwa mara ya kwanza, hakutabasamu. Akasema kule kwenye tangi alikuwa akimsihi binti aje kwa daktari, na binti kakataa. Mama Soksi hakumwamini hata chembe. Binti akaletwa.

Daktari alimbonyeza muundi wa mguu wa kushoto kwa kidole kimoja, binti akavuta pumzi kwa meno. Daktari akawaeleza taratibu kwamba kuna kuumia kwa ghafla, kama kuteguka, ambako kila mtu anakuona; na kuna kuumia kwa kuzidisha, kunakoingia polepole kama mchwa, hadi mfupa upate ufa. Hilo la pili ndilo watu hulipa jina la kuumwa. Mfupa ukishafika hapo, mbio moja tu yaweza kuukata.

"Nani alikufundisha neno hilo?" Mama Soksi akauliza, jicho bado kwa kocha.

Binti akainama. "Wewe, mama mdogo. Nilikuwa nikianguka unaniambia, usiseme umeumia, kauli huumba. Sema unaumwa tu, Mungu ataponya. Na mimi nikawaambia wenzangu."

Mama Soksi alikumbuka. Alikuwa amelisema kwa mapenzi, na kwa imani. Akaushika ule mguu wa kushoto, akaupakata kama alivyoupakata ukiwa mdogo.

"Daktari," akasema, "mwanangu ameumia. Mweke kando."

Binti alilia mpaka jioni. Kocha aliombwa radhi, akatabasamu tena, na Mama Soksi akalitazama tabasamu hilo kwa muda kidogo.

Jumamosi mashindano yalifanyika bila nahodha. Alikaa jukwaani na mama yake mdogo, ambaye alisali kimya tangu mlio wa kwanza wa kuanzisha mbio, mkono mmoja umeshika upindo wa sketi ya binti. Mungu huponya, ndiyo, lakini mkono wa kushikia alitupa sisi.