Shangazi na Vishimo Tisini na Sita

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale maabara. Lakini mwanamke akilisha seli miaka kumi na tisa, sikukuu na siku za kazi, utamwita nani? Fundi sanifu? Thubutu! Kila asubuhi alifungua kabati la joto akazisalimu: "Mmeamkaje, wanangu?" Wenzake walicheka mpaka mbavu zikawauma. Hakuwajali.

Mwaka huo Daktari, mkuu wa maabara, alikuwa akibadilisha jeni za seli za binadamu. Ndani ya seli mna vimeng'enya viitwavyo kinase, vinavyofanya kazi kama swichi: huiambia seli ikue au itulie. Daktari alitaka ukoo wa seli wenye swichi moja mbovu, sawasawa na ya wagonjwa, ili dawa zijaribiwe humo kwanza. Shangazi alipaswa kuweka seli moja moja kwenye sahani ya vishimo tisini na sita, kisha angoje zizaliane.

Wapi! Sahani tatu zilikufa zote.

"Shangazi, nisamehe," Daktari alisema akitazama viatu vyake. "Ya nne ikifa, nitampa mtu mwingine kazi hii. Wewe utahamia kuosha chupa."

Kuosha chupa! Yeye! Alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kwenye hadubini. Katikati ya kishimo cha sahani ya nne palikuwa na seli moja tu, imejikunyata. Roho ikamuuma.

"Masikini wee," alinong'ona. "Peke yako hivyo, hata mimi ningekufa."

Ndipo akamkumbuka mama yake, ambaye hakukanda unga mpya bila kuchanganya donge la jana. Kwenye chupa za seli zilizostawi mlikuwa na maji ya jana, yale ya chakula ambamo ziliishi zikaachia vitu vyake. Kanuni ilisema yamwagwe. Shangazi akayachuja, akayachanganya na chakula kipya nusu kwa nusu, akaipa kila seli mpweke. Hakumwambia mtu.

Baada ya wiki mbili vishimo kumi na kimoja vilikuwa vimejaa, na vipimo vikaonyesha viwili vina swichi ile mbovu. Daktari alipiga vigelegele, glavu zikiwa bado mikononi.

"Umefanyaje, Shangazi?"

Angeweza kusema ni bahati, mambo yakaisha. Lakini siku asipokuwepo yeye, seli zingekufa tena.

"Nimevunja kanuni," alisema. "Nimezipa maji ya jana."

Daktari akaenda kwenye rafu, akarudi na daftari kubwa la kanuni, ambalo miaka yote hiyo Shangazi alilisoma tu. Akalifungua ukurasa wa saba, akampa kalamu.

"Futa hapo. Andika yako."

Shangazi akafuta, akaandika, mstari ukapinda: *Msimwage maji ya jana.* Kisha, Shangazi ni Shangazi, akaongeza: *Na muwasalimu kabla ya kuwalisha.*

Daktari alisoma yote mawili, akatia sahihi chini yake.