Asubuhi Mkojo Ulipokosa Povu

Majirani wameniletea uji wa wimbi, ule wa mama aliyejifungua, na harufu yake chachu imenirudisha kwenye boma letu kule Mikinduri.

Nilikuwa mtoto mwenye ugonjwa unaofanya mwili ujipige wenyewe. Ulianzia kwenye viungo, ukafika kwenye figo. Uso ulinivimba, na mkojo wangu ukatoa povu kama maziwa yanayokamuliwa. Daktari alisema povu hilo ni dalili kwamba figo zinavuja. Basi kila asubuhi mama aliukinga mkojo kwenye chupa ya jemu, akauinua kwenye mwanga, akanyamaza.

Asubuhi moja hakunyamaza. Mkojo ulikuwa umetulia tuli, bila povu. Mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Kwetu vigelegele vya namna hiyo ni vya mtoto kuzaliwa, kwa hivyo akina mama wa jirani walikuja mbio na vibuyu vya uji.

“Mtoto ako wapi?” wakauliza, wakichungulia ndani.

Mama, chupa bado mkononi, akanisukuma mbele.

“Si huyu hapa!”

Walinitazama, wakaitazama chupa. Kisha mmoja akapiga kigelegele, wengine wakamfuata, na ule uji wa uzazi nikaunywa mimi, mpaka kibuyu cha mwisho.