Pikipiki Isiyo na Keria

Hebu mwone Wendelini anavyoingia mtaani kwake Ruhuwiko Jumamosi asubuhi. Kabla hujamwona utamsikia. Si ule mlio wa bodaboda ulioukinai, huu ni mngurumo mzito wa chinichini, kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Kisha anatokeza pale kwenye kona ya mashine ya kusaga, kainamia tangi jekundu, viwiko nje, kofia ngumu ya kuazima imembana mashavu. Anakwenda polepole, maana njia ina makorongo na pikipiki bado si yake. Nyuma yake, kwenye bodaboda, anafuata mwenye mali, Abdulatifu, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, na macho yake hayabanduki kwenye taa ya nyuma.

Wendelini ni fundi wa kuchomelea pale Lizaboni. Mageti anatengeneza, madirisha anatengeneza, lakini kilichompa jina ni keria, kile chuma kinachofungwa nyuma ya pikipiki ili ibebe gunia la mahindi, kreti za soda, mbuzi, chochote utakacho. Ukipanda bodaboda hapa mjini ukashika keria kwa nyuma usianguke, kuna uwezekano mkubwa umeshika kazi ya mikono yake. Na yeye mwenyewe hana hata baiskeli. Akihitaji usafiri huazima bodaboda ya jirani yake Salum, akamjazia mafuta, akairudisha.

Watu walishamuuliza mara nyingi kwa nini asinunue bodaboda yake imwingizie hela. Huwajibu bila haraka kwamba amebeba vyuma tangu alipomaliza shule, na anachozibebesha pikipiki za wenzake anakijua. Sasa anataka kitu kimoja maishani ambacho hakibebi mzigo. Anataka pikipiki ya spoti. Wengi walicheka, yeye akaendelea na mpango wake. Kila keria iliyotoka mkononi mwake ilimwachia fungu dogo ambalo halikuguswa, iwe Krismasi, iwe msiba.

Aliyeyaona hayo yote kwa karibu ni mkewe, Kasiana, mtu wa Hanga. Huyu si mgeni wa pikipiki. Kabla hajaolewa alikuwa akiendesha ya kaka yake Victor kuwapelekea chakula watu waliokuwa wakikausha tumbaku kwenye vibanda vya mabani, na ndivyo Wendelini alivyomwona mara ya kwanza, sufuria ya ugali imefungwa nyuma na vumbi mpaka kwenye kope. Kasiana akasema ataongeza hela za nguruwe wake, nusu kwa nusu, ila kwa sharti moja: chombo kiwe cha nyumbani pia, na kila mwezi kimlete mama yake kliniki ya presha, maana gari la asubuhi likipita kijijini kwao huwa limeshajaa. Wendelini akakubali papo hapo. Shauri likawa limekwisha, au ndivyo alivyodhani.

Kuchagua hakukumpa tabu, kwa sababu alijua anachokitaka. Ya kwanza aliiona dukani, mpya, imejaa stika, ya kulipa kidogokidogo. Alipoikalia, vidole vya miguu vikawa vinatafuta sakafu. Akamshukuru muuzaji na kumwambia kwamba ngazi anayo nyumbani. Ya pili ilikuwa rahisi mno na inang'aa mno. Akalala chali chini yake na tochi ya simu, akaona kwenye shingo ya fremu mstari wa kuchomelea uliofichwa kwa rangi. Mwenye nayo akaapa kwamba imetoka hivyo kiwandani. Wendelini akamwambia kama ni hivyo hicho kiwanda kimwajiri yeye, kisha akajipangusa mavumbi akaondoka.

Ya tatu ni hii ya Abdulatifu, ya Kijapani, injini ya cc mia mbili na hamsini, aliyoiendesha msimu mmoja tu kabla mkewe hajajifungua mapacha na shida yake ikageuka kuwa gari. Hii ilimpokea. Nyayo zote mbili zilikaa chini, mikono ikaangukia usukani bila kuambiwa. Akalala chini tena na tochi yake, hakuona jeraha. Bei wakaelewana. Kwa kuwa nusu ya hela iko kwa Kasiana, wakakubaliana waende wote nyumbani, aione.

Sasa, nyumbani siku hiyo alikuwepo mama mkwe, Mama Dorine, aliyekuja tangu jana kwa ajili ya kliniki. Na hapa tutulie kidogo. Katika familia yao, mkwe na mama mkwe husalimiana kwa mbali, tena yeye mama huushusha upande wa khanga usoni. Hapeani naye mkono. Akiwa na neno humwambia Kasiana, hata kama Wendelini amekaa hatua chache kutoka hapo na anasikia kila kitu. Na siku Wendelini anapompakia kwenye bodaboda ya Salum, mama hukaa upande, hushika keria, na katikati, baina yake na mgongo wa mkwe, huweka kapu. Siku nyingine kapu lina maharage. Siku nyingine halina kitu. Hakuna aliyewahi kumwuliza kapu lile ni la nini, kwa sababu kila mtu anajua: mama mkwe haegemei mgongo wa mkwe wake.

Majirani walikuwa wameshasogea. Kasiana akaizunguka pikipiki, akagusa tangi, akabonyeza matairi. Alipofika nyuma akasimama. Kiti cha abiria kilikuwa kadiri ya mkate wa kopo, kimeinuka juu, na kimelalia mbele. Akakikalia. Palepale akateleza mpaka mahali ambapo mgongo wa dereva ungekuwepo. Akashuka.

"Baba Leo," akamwambia mumewe, "kapu la mama litakaa wapi?"

Wendelini alikuwa amekagua shingo, injini, breki, mnyororo na taa. Kiti kile hakukiangalia hata mara moja, maana hakikuwa chake.

Salum ndiye aliyeanza kucheka. "Fundi, si ndiyo kazi yako mwenyewe? Tupia keria hapo nyuma, bure kabisa. Au utajitoza hela mwenyewe?"

"Wallahi akiweka keria, msimwambie mtu kwamba pikipiki hii ilitoka kwangu," Abdulatifu akadakia. "Hiyo si spoti tena. Ni punda kavalishwa suti."

Watu wakacheka. Wendelini hakucheka. Alichuchumaa nyuma ya pikipiki, vidole vyake vikapima vyenyewe mahali ambapo vyuma viwili vingekaa, wapi pa kutoboa, wapi pa kukunja. Angeimaliza kabla Abdulatifu hajaenda kuswali adhuhuri. Ingekuwa keria nzuri kuliko zote. Na kila ambapo angegeuka nyuma angeona kilekile anachokiona kila siku pale Lizaboni. Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Hii siichomelei," akamwambia mkewe, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ahadi ya mama iko palepale. Kama haiwezi kumbeba kwa heshima, Abdulatifu ataondoka nayo na mimi nitaendelea kutafuta. Nimeshajua kutafuta. Lakini keria hapa haikai."

Abdulatifu akaangalia simu yake, akasema kwa upole kwamba mchana kuna mtu anatoka Mbinga kuja kuiona, na huyo wa Mbinga hana mama mkwe. Kasiana akamtazama mumewe, akaitazama pikipiki. Ungemwona, ungejua kwamba naye ameipenda.

Hapo ndipo sauti ikatoka mlangoni pa jiko. Mama Dorine alikuwa amesimama, khanga usoni, anazungumza na binti yake kwa sauti ambayo mpaka wa ng'ambo ya uzio waliisikia.

"Kasiana. Hiyo pikipiki inakataa wanawake?"

"Haikatai, mama."

"Basi mwambie mkwe wangu kiti hakina kosa. Shida ni mgongo wake. Wewe nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno. Leo nikikushika wewe kiuno, nani ataniuliza kapu liko wapi?"

Wanawake wa uani wakapokea kwa vigelegele. Kasiana hakungoja tafsiri. Akakaza kitenge, akaomba ufunguo. Mara ya kwanza injini ilizima, na Salum akamwahidi shemeji yake kwamba wasukumaji wapo. Mara ya pili aliachia klachi taratibu, akaenda mpaka kwenye mashine ya kusaga, akageuza, akarudi na meno yote nje. Akasema barabara ya Hanga hataiingia mpaka apate leseni, na kwamba leseni ataanza kuishughulikia Jumatatu.

Mama Dorine akaingia ndani, akatoka amevaa suruali ya michezo ya mjukuu wake Leo chini ya kitenge. Pikipiki ikiwa imesimama, akapanda nyuma ya binti yake na kumkumbatia. Akateleza mbele, kama kila mtu ambavyo angeteleza, akaishia kwenye mgongo wa mwanawe. "Hapa nimekaa," akasema. Kapu likabaki ukutani.

Kasiana akaleta nusu yake, Wendelini akaongeza yake, Abdulatifu akahesabu, wakapeana mikono. Kisha Abdulatifu akatoa kadi ya pikipiki na karatasi ya mauziano, akaiweka juu ya tangi, akauliza aandike jina la nani.

Wendelini akaliangalia lile tangi jekundu. Kila keria aliyoichomelea ilikuwa ndani ya chuma kile. Lakini siku za kliniki atakuwa Lizaboni, kofia ya kuchomelea usoni, akiusikia ule mngurumo ukipita na mkewe juu yake. Alitaka pikipiki isiyobeba kitu, na imepata mama mkwe kabla haijapata mafuta. Hata hivyo alikuwa akitabasamu, tena si kwa kujilazimisha. Akamtazama Kasiana. Kasiana naye akamtazama yeye, nyusi juu, mkono bado uko kwenye usukani.

Kalamu ya Abdulatifu iko juu ya karatasi, na wa Mbinga ameshapigiwa simu asije. Kama ungekuwa umesimama nao pale uani, wewe ungemwambia aandike jina la nani?