Vigelegele Kabla ya Mbio

Jirani yangu wa Jordbro, huku Uswidi, mama wa Kikongo aliyefanya kazi ya uuguzi hospitalini Flemingsberg, alinigongea mlango Jumapili baada ya ibada akiwa na sanduku kubwa la magurudumu, tupu. Binti yake alikuwa ameacha masomo ya uuguzi katikati ya muhula na kuhamia kwenye mazizi ya farasi wa mbio huko Täby, upande wa pili wa jiji. Siku hiyo farasi aliyekabidhiwa amtunze angekimbia kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa anakwenda kujionea, na aliniahidi kwamba jioni binti angerudi nyumbani, nguo zake zikiwa ndani ya sanduku lile.

"Na mimi nije kufanya nini?" nikauliza.

"Wewe ulisoma, papa. Utanifasiria."

Nilichosoma chuoni ni isimu. Kuhusu farasi nilipitia kurasa chache za mtandao njiani kwenda kituoni, zikatosha kunipa ujasiri. Ndani ya treni nikamweleza kwamba hizi ni mbio za tambarare, hakuna kuruka viunzi, na kwamba farasi wote ni wa miaka miwili, wa damu safi, na hakuna aliyewahi kushinda. Wengine hawajawahi hata kukimbia mbele ya watu.

"Kumbe ni batoto," akasema.

Nikaendelea na nasaba zao hadi kwa madume watatu wa kale. Akalala.

Akiwa bado amelala, binti alinipigia simu na ombi moja, kwa Kiswidi kama kawaida yake: mama asipige kelele. Farasi wachanga hushtuka hata mwavuli ukifunguliwa. Mama alipoamka nikamfikishia.

"Miye ni mutu wa kelele?" akaniuliza.

Mimi huishi ghorofa ya chini yake. Nikatazama dirishani.

Langoni mlinzi alitaka kujua sanduku lina nini. Nikamfungulia. Alikagua ule utupu kwa muda mrefu kuliko ambavyo angekagua nguo, kisha akaturuhusu. Tukajipenyeza hadi kwenye ua wanakotembezwa farasi kabla ya mbio. Binti akatokea na shati jeupe lililopigwa pasi, namba ikiwa mkononi, akimwongoza farasi jike mwekundu ambaye miguu yake ilionekana kama ya kuazima. Mama alikuwa hajamwona binti yake tangu Pasaka. Nikamsikia akivuta pumzi.

Vigelegele vilivyomtoka vilikuwa vya harusi, na si harusi ndogo. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma. Watu wote wakageuka kututazama, sisi na sanduku letu. Binti alining'inia kwenye kamba, hakuiachia. Akaanza kusema na yule mnyama polepole, na hakusema Kiswidi.

"Tulia, mama. Tulia, mama yangu. Haiko kitu. Ni mama tu, anafurahi."

Tangu chekechea mtoto huyo alikuwa akiulizwa kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiswidi. Farasi akashuka, masikio yake yakiwa yameelekea kwa binti.

Mama alikuwa amejiziba mdomo. "Vile njo nilikuwa namubembeleza yeye," akasema kupitia vidole, "kule kambi ya bakimbizi, akiwa na homa."

Mbio zenyewe zilikuwa fupi. Farasi wetu alichelewa kugundua kwamba zimeanza, akawapita wawili mwishoni, nadhani kwa kuogopa kubaki peke yake. Mama alitazama yote bila kuondoa mkono mdomoni.

"Wa sita," nikamfasiria.

"Minaona, papa."

Tulimkuta binti nyuma ya mazizi akimwagia farasi maji. Mama hakugusia chuo. Aliuliza analala wapi, anakula nini, na nguo anafulia wapi. Binti akajibu, kwa Kiswidi, kwamba mashine ya pale ni ya mablanketi ya farasi tu.

Mama akalitazama sanduku. "Leta zile chafu."

Kwa hiyo lilirudi limejaa, kama alivyoahidi: suruali za zizini, soksi, sweta. Treni iliposimama kituo cha kwanza, abiria wawili waliokaa mkabala nasi walihamia behewa jingine.

"Ule farasi atakimbia tena siku gani?" mama akauliza.

Nikasema sijui.

"Si ulisoma?"